Maji Yanayobaki Tumboni Baada ya Kupasuliwa, na Jinsi Yanavyotolewa

Katika toleo la muhula uliopita mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili alituandikia habari za kisima na pampu, na wengi tulifurahi kuisoma. Nami nimeona vema niwaandikie habari za kutoa maji ya namna nyingine: yale yanayojikusanya tumboni mwa mtu aliyekwisha pasuliwa. Jambo hili latuhusu sana, maana hapa Ulemo na katika Wilaya yetu yote ya Iramba ni nadra kukuta nyumba ambayo haijapata kuwa na mtu wake aliyepasuliwa tumbo. Wengine ni akina mama waliojifungua kwa upasuaji, wengine walipasukiwa na kidole tumbo, wengine utumbo ulitoboka kwa homa ya matumbo, na wengine waliumia kwa pikipiki. Wengi hurudi nyumbani salama, lakini wachache hupata taabu ya pili baada ya ile ya kwanza, na taabu hiyo ndiyo nitakayoieleza.

Tumbo lilivyo

Kila aliyepata kuchinja mbuzi ameona jinsi vitu vya tumboni vilivyopangwa. Tumbo la mwanadamu halifanani kabisa na la mbuzi, maana mbuzi hucheua naye ana vyumba vinne vya chakula, lakini mpango wenyewe si mbali. Ndani ya tumbo lote umetandazwa utando laini, unaong'aa na wenye majimaji kidogo, ili matumbo yapate kuteleza yasikwaruzane. Juu, upande wa kulia, lipo ini. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, ipo bandama. Katikati upo mfuko wa chakula, na nyuma ya mfuko huo, karibu na uti wa mgongo, limelala kongosho. Mkia wa kongosho huelekea kushoto hata kuikaribia bandama.

Naomba msomaji alishike jambo hilo la kongosho, maana tutalihitaji mbele. Kongosho la mtu mzima hutoa maji zaidi ya lita moja kila siku, nayo kazi yake ni kuyeyusha nyama, mafuta na wanga tunavyokula. Maji hayo yakipita katika mfereji wake na kuingia utumboni, hutujenga. Lakini yakivuja nje ya mfereji, hayajui kwamba hiyo si nyama ya sokoni, bali ni ya mwenyewe. Huanza kuichokoza na kuiumiza.

Maji hayo hutoka wapi?

Mtu akipasuliwa, hata kama mpasuaji ni hodari, pale palipokatwa hutoa majimaji kidogo, kama vile kidonda cha mguuni kinavyotoa. Kwa kawaida ule utando niliousema hunyonya majimaji hayo, nayo hutoweka bila mtu kujua. Hiyo si shida.

Shida huja kwa njia tatu. Kwanza, damu yaweza kuendelea kuvuja polepole na kujikusanya mahali. Pili, mahali paliposhonwa paweza kuachia, nyongo ikavuja kutoka katika mifereji ya ini, au maji ya kongosho yakavuja kutoka mkiani, au mkojo ukavuja kutoka katika njia zake. Tatu, vijidudu vyaweza kuingia katika majimaji yaliyobaki, yakageuka usaha. Hapo huwa ni jipu, ila jipu hili halionekani kwa macho wala haliguswi kwa mkono, maana liko ndani.

Mwili nao haukai bure. Hujitahidi kuyazungushia maji hayo ukuta, yasienee tumbo zima. Ukuta huo kwanza ni mwembamba, kisha majuma yanavyopita huwa mgumu, hata maji yakawa kama yamo ndani ya kibuyu. Ni vema mwili ujitetee hivyo, lakini una hasara yake: dawa za kuua vijidudu, ambazo husafiri katika damu, haziingii vizuri ndani ya kibuyu kisichokuwa na mishipa ya damu. Kwa hiyo wapasuaji tangu zamani wana kanuni moja, kwamba palipo na usaha, sharti utolewe. Vidonge na sindano husaidia, lakini peke yake mara nyingi havitoshi jipu likiwa kubwa.

Habari za mjomba wangu

Ili msomaji asidhani kwamba naandika mambo ya vitabuni tu, nitaeleza yaliyompata mjomba wangu, ndugu wa mama yangu. Yeye ni mkulima wa alizeti na vitunguu, tena ana nguvu. Siku moja alipanda pikipiki kutoka mnadani, ikateleza katika mchanga, na usukani ukamgonga chini ya mbavu za kushoto. Bandama ikapasuka. Alipelekwa hospitali, akapasuliwa usiku ule ule, bandama ikaondolewa, akapona. Bila upasuaji ule asingaliona asubuhi, na sisi ndugu zake tunalijua hilo.

Baada ya siku tisa aliruhusiwa kurudi nyumbani. Katika karatasi yake yaliandikwa majina ya dawa na tarehe ya kutolewa nyuzi, lakini hayakuandikwa maneno yoyote ya kumwambia ni dalili zipi zikitokea arudi upesi. Juma la pili alianza kupata homa ya jioni. Akinywa uji vijiko vitano husema ameshiba. Akilala chali husikia uzito juu ya kitovu, na kwikwi zikamshika hata usiku asipate usingizi.

Hapo maneno yakawa mengi nyumbani. Mmoja alisema daktari amesahau kitambaa tumboni. Mwingine alisema ni jirani ambaye waligombana naye mpaka wa shamba. Wazee wawili walitaka apelekwe kwa mtu mmoja mwenye dawa za mizizi, tena walikwisha pata kuku wa kumpelekea. Bibi yangu ndiye aliyekataa. Alisema, “Aliyemfungua ndiye ajuaye alichokiona. Mrudisheni huko huko.” Basi wakamchukua hadi njia panda ya Misigiri, wakapata basi.

Nilikuwa likizo, nami nilikwenda pamoja na bibi kumwangalia katika hospitali kubwa alikopelekwa mwishowe. Bibi alimwuliza daktari, “Mwanangu, hayo maji yametoka wapi, nasi hatukuyaona kabla hajapasuliwa?”

Daktari, ambaye ni kijana, alimwamkia tena kwa heshima, akachora picha nyuma ya karatasi. Akasema, “Mama, bandama na mkia wa kongosho ni majirani wa ukuta mmoja. Ajali ile iliumiza nyumba zote mbili. Bandama tuliiona inavuja damu ikaondolewa. Kongosho nalo lilikuwa na ufa mdogo, likavuja polepole baadaye. Si kosa la mtu, wala si mkono wa mtu.”

Bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa mtampasua tena?”

“Hapana, mama. Tutayatoa kwa bomba.”

Mjomba alitobolewa ubavuni kwa sindano, daktari akiongozwa na mashine ya altrasaundi, kisha akawekewa bomba jembamba linalomwaga maji katika mfuko wa nailoni. Lilikaa kwa majuma matano. Homa ilikwisha siku ya tatu, na chakula kikaanza kupita. Lakini yale maji ya kongosho yalimchoma ngozi pembeni mwa bomba, mfuko ulimzuia kulala ubavu, na shamba la vitunguu likapita msimu bila kupandwa. Ng'ombe wawili waliuzwa kwa nauli na matumizi. Daktari yule alituambia kwamba ipo njia nyingine, ya kuyatolea maji hayo ndani kwa ndani, pasipo kutoboa ngozi. Tangu siku ile nimeitafuta habari yake katika vitabu na kwa mwalimu wetu wa Bayolojia, na hii ndiyo niliyoipata.

Sauti isiyosikika

Njia hiyo imejengwa kwa vitu viwili, yaani sauti na mpira wenye taa. Tuanze na sauti.

Ukisimama chini ya mlima ukapiga kelele, mlima hukujibu. Huo ndio mwangwi. Ukijua mwendo wa sauti, na ukipima muda uliopita kabla ya jibu kurudi, waweza kujua mlima uko umbali gani bila kuufikia. Mashine ya altrasaundi hufanya jambo hilo hilo, ila mlima wake ni viungo vya mwili, na sauti yake ni nyembamba mno hata sikio haliisikii. Sikio la mwanadamu husikia mitetemo isiyozidi 20,000 kwa sekunde moja. Mashine hizi hutumia mitetemo milioni kadhaa kwa sekunde.

Katika mwaka wa 1880 ndugu wawili wa Ufaransa, Pierre na Jacques Curie, waligundua kwamba mawe fulani yenye asili ya fuwele, yakibanwa, hutoa umeme. Baadaye ikaonekana kwamba mawe hayo yakipewa umeme hutetemeka. Kwa hiyo kitu kimoja chaweza kuwa kinywa cha kutoa sauti na sikio la kuipokea. Katika mwaka wa 1958 Profesa Ian Donald wa Glasgow na wenzake wawili, daktari John MacVicar na fundi Tom Brown, walitangaza jinsi walivyoyaona mambo ya ndani ya tumbo kwa sauti hizo. Mgonjwa wao mmoja alikuwa mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani ya mfuko wa chakula isiyotibika. Mashine ikaonyesha kwamba uvimbe ule ulikuwa na maji ndani yake. Akapasuliwa, ukaondolewa uvimbe wa kokwa la uzazi, naye akapona. Tangu hapo madaktari wakaanza kuiamini mashine.

Na tupige hesabu ndogo. Sauti husafiri katika nyama ya mwili kama mita 1,540 kwa sekunde moja. Ikiwa kifuko cha maji kiko sentimita 5 ndani, sauti itakwenda sentimita 5 na kurudi sentimita 5, jumla sentimita 10, yaani mita 0.1. Gawa 0.1 kwa 1,540, utapata kama sehemu 65 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Mashine hupima muda mdogo namna hiyo, tena maelfu ya mara kwa sekunde, kisha huchora picha. Maji safi hayarudishi sauti, hivyo katika picha huonekana meusi. Jiwe hurudisha sauti yote, hivyo huonekana jeupe, na nyuma yake pana kivuli.

Lakini sauti hiyo ina adui wawili, hewa na mfupa. Matumbo yetu yamejaa hewa, na mbavu zimetuzunguka. Kwa hiyo kongosho, lililojificha nyuma ya mfuko wa chakula, huonekana kwa taabu mtu akiweka chombo juu ya ngozi. Tena kuna sheria moja ya fizikia: sauti nyembamba sana huonyesha vitu vidogo kwa uwazi, lakini haifiki mbali, na sauti nene hufika mbali, lakini picha yake ina ukungu. Basi wataalamu wakajiuliza: tukiwa hatuwezi kuona vizuri kutoka nje, kwa nini tusikipeleke chombo ndani, karibu na kitu chenyewe?

Mpira wenye jicho na sikio

Kutazama ndani ya mfuko wa chakula kulianza zamani. Daktari Adolf Kussmaul wa Ujerumani alijaribu katika mwaka wa 1868 kwa bomba lililonyooka la chuma. Msomaji aweza kufikiri jinsi ilivyokuwa kazi kulimeza bomba lisilopinda. Katika mwaka wa 1957 daktari Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alilimeza yeye mwenyewe kwanza bomba jipya linalopinda, lililojaa nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha nuru. Kutoka hapo ndipo zilipotokea endoskopi za leo, ambazo badala ya nyuzi za kioo nyingi zina kamera ndogo nchani.

Kisha katika mwaka wa 1980 wataalamu wa Marekani na wa Ujerumani walitangaza kwamba wameweka kile kinywa cha altrasaundi kwenye ncha ya endoskopi. Sasa mpira mmoja ukawa na jicho la kuona ngozi ya ndani ya mfuko wa chakula, na sikio la kusikia yaliyo nyuma ya ukuta wake. Mpira ukikaa ndani ya mfuko wa chakula, kongosho liko karibu sana nao, wala hapana hewa wala mbavu katikati. Kwa sababu hiyo waweza kutumia sauti nyembamba na kupata picha safi.

Hapo mwanzo walikuwa wakitazama tu. Baadaye zikatengenezwa endoskopi ambazo picha yake hufuata mstari mmoja na sindano inayopita ndani yake, hata daktari huiona sindano inavyokwenda tangu inapotoka hadi inapofika. Katika mwaka wa 1992 madaktari wa Hamburg, Ujerumani, walitoa taarifa ya kukimwaga kifuko cha maji ya kongosho kwa kuongozwa na chombo hiki. Tangu hapo kazi imeenea, nayo hutumika pia kwa maji yanayojikusanya baada ya upasuaji, hasa wa kongosho na bandama.

Kazi yenyewe

Kwanza mgonjwa hupimwa kwa siti skani ili ijulikane maji yako wapi, ni mengi kiasi gani, na yamezungukwa na nini. Damu yake hupimwa kama inaganda vizuri. Hufunga kula kwa saa kadhaa, kisha hupewa dawa ya usingizi. Mara nyingi huwekewa mpira katika koo la pumzi, ili maji yakibubujika yasiingie mapafuni.

Daktari hupitisha endoskopi mdomoni hadi katika mfuko wa chakula. Hutafuta mahali ambapo kifuko cha maji kimeukaribia ukuta wa mfuko wa chakula, kwa kawaida pasipozidi sentimita 1 kati yake. Kisha hubonyeza swichi inayoonyesha damu inayotembea kwa rangi, ili aijue mishipa iliyo njiani na kuikwepa. Hiyo ni faida kubwa sana. Zamani madaktari walitoboa pale walipoona mfuko wa chakula umevimba kwa kusukumwa na maji, pasipo kujua kama mshipa umelala nyuma yake.

Njia ikiwa salama, sindano yenye unene kama milimita 1 husukumwa kupita ukutani hadi ndani ya maji. Maji kidogo huvutwa na kupelekwa maabara, ili vijidudu vilivyomo vijulikane na dawa yake ichaguliwe. Ndani ya sindano hupitishwa waya laini, ambao hujikunja ndani ya kifuko kama kamba ndani ya kapu. Sindano huondolewa, waya hubaki kama alama ya njia. Kisha tundu hupanuliwa kidogo, na juu ya waya huo huwekwa stenti, yaani kijibomba cha kuizuia njia isizibe. Stenti nyingine ni za plastiki, zimejipinda ncha zote mbili kama mkia wa nguruwe ili zisichomoke. Nyingine ni za wavu wa chuma, zina umbo la kigurudumu cha uzi wa cherehani: nyembamba katikati na pana pande mbili, nazo hubana ukuta wa mfuko wa chakula na ukuta wa kifuko vikawa pamoja.

Wahenga wamesema maji hufuata mkondo. Mkondo ukishapatikana, maji humwagika yenyewe katika mfuko wa chakula, na kifuko hunywea siku kwa siku. Baada ya majuma kadhaa mgonjwa hupigwa picha tena. Maji yakiwa yamekwisha, endoskopi huingizwa tena na stenti hutolewa. Stenti ya chuma haifai kusahauliwa, maana ikikaa mno yaweza kukwaruza mishipa na kuleta damu. Lile tundu nalo hujifunga lenyewe.

Maswali mawili niliyoulizwa bwenini

Nilipowaeleza wenzangu habari hii, wa kwanza aliuliza, “Je, mtu hatadhurika kwa usaha kuingia katika mfuko wake wa chakula?” Jibu ni kwamba mfuko wa chakula una asidi kali inayoua vijidudu vingi, na utumbo umezoea kupitisha uchafu na kuutoa. Tena maji ya kongosho, hata bila ugonjwa, safari yake ilikuwa ni kuingia utumboni. Yamerudishwa tu katika njia yake. Tofauti na bomba la ubavuni, mtu hapotezi maji hayo nje, wala ngozi yake haichomwi.

Wa pili aliuliza, “Je, chakula nacho hakitapita kwenye tundu kikaingia katika kifuko?” Kidogo chaweza kuingia, na wakati mwingine stenti huziba, ikabidi kusafishwa. Lakini ukuta wa kifuko umeshikana na ukuta wa mfuko wa chakula, hivyo hakimwagiki tumboni. Hiyo ndiyo sababu madaktari hupenda, ikiwa mgonjwa anaweza kungoja, ukuta wa kifuko ukomae kwanza, kwa maji ya kongosho mara nyingi kama majuma manne. Mgonjwa mwenye homa kali hawezi kungojewa hivyo. Yeye hutolewa maji mapema kwa njia yoyote iliyo salama kuliko nyingine.

Si kila maji

Ningekuwa mwongo kama ningesema njia hii yafaa kila mtu. Maji yaliyo mbali na mfuko wa chakula, kama vile yale ya juu ya ini upande wa kulia, hufikiwa vema zaidi kwa sindano ya ubavuni. Usaha uliokaa chini kabisa, kwenye nyonga, hauwezi kufikiwa kutoka juu. Lakini mahali pengine duniani madaktari huutoa kwa kupitisha chombo hicho hicho katika njia ya haja kubwa. Maji yaliyosambaa tumbo zima bila ukuta hayafai, maana hapana kibuyu cha kutoboa. Na ikiwa utumbo umetoboka na uchafu unaendelea kumwagika, hapo kupasuliwa tena ndiko kunakookoa maisha.

Hatari nazo zipo: kutoka damu, kutoboka mahali pasipotakiwa, stenti kuteleza, na vijidudu kuingia. Kwa sababu hiyo kazi hii hufanywa mahali penye wapasuaji na damu ya akiba karibu, na mikono iliyojifunza kwa muda mrefu.

Hapa kwetu

Msomaji atauliza, “Je, mtu wa Ulemo ataipata wapi?” Ngazi za matibabu tunazijua: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya pale Kiomboi, hospitali ya rufaa ya mkoa Singida mjini, kisha hospitali kubwa kama Benjamin Mkapa ya Dodoma, Bugando ya Mwanza, KCMC ya Moshi, na Muhimbili ya Dar es Salaam, ambayo ilifunguliwa 1956 kwa jina la Princess Margaret. Hospitali hizo kubwa zina endoskopi za kawaida. Endoskopi yenye altrasaundi ni chombo ghali, kinavunjika upesi kisipotunzwa, na katika Afrika ya Mashariki wanaojua kukitumia bado ni wachache. Kutoka Singida hadi Dodoma ni kama kilomita 240, na kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ni kama 450 zaidi. Kwa mtu mwenye homa na tumbo lililojaa, hiyo ni safari ndefu, tena ni nauli ya wawili, maana mgonjwa hasafiri peke yake.

Hata hivyo, si haki kukata tamaa. Hospitali ya Tenwek iko Bomet, sehemu ya wakulima nchini Kenya, wala si mji mkuu. Lakini kwa miaka mingi madaktari wake wamekuwa wakiweka stenti kwa endoskopi katika koo la chakula la wagonjwa wa saratani, hata wageni wamekwenda kujifunza kwao. Hiyo ni kazi tofauti na hii niliyoieleza, lakini yaonyesha kwamba ustadi hauchagui jiji. Tena altrasaundi ya kawaida, ile ya juu ya ngozi, imekwisha fika katika hospitali nyingi za wilaya. Kwa chombo hicho, sindano, na mtu aliyefundishwa, majipu mengi ya tumboni yaweza kugunduliwa mapema, na mengine kutolewa karibu na nyumbani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa 2023, nayo ikitekelezwa vema, huenda familia nyingine isiuze ng'ombe wake kama tulivyouza sisi.

Mambo ya kukumbuka

Namalizia kwa maneno machache kwa wazazi na wenzangu, yaliyokaguliwa na mwalimu wetu. Mtu aliyepasuliwa tumbo akiwa nyumbani, na katika majuma manne ya kwanza akapata mojawapo ya haya, arudishwe hospitali upesi: homa inayorudi, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, tumbo kuvimba, kutapika, kushiba kwa vijiko vichache, kwikwi zisizokoma, au maji na usaha kutoka kwenye kidonda. Aende na karatasi zake zote. Asipewe dawa ya mizizi wala asikandwe tumbo, maana kukanda kwaweza kupasua ukuta ambao mwili umeujenga kwa taabu. Na kabla ya kuondoka hospitali siku ya kuruhusiwa, ndugu wa mgonjwa aulize swali moja: “Daktari, nikiona nini nimrudishe?” Jibu aliandike nyuma ya karatasi ya dawa.

Mjomba sasa amerudi shambani. Ana kovu refu katikati ya tumbo na doa dogo ubavuni. Mwaka huu amepanda vitunguu nusu ekari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Ulemo.